Bawaba ya mdomo wa kuku ndani ya sikio la mbuzi: mwongozo kamili wa kusoma mataya na meno kwa vichwa vya sokoni

Muuza nyama wangu hapa Jinja huniuliza swali moja kila Jumamosi: "Mwalimu, leo kichwa cha supu au cha shule?" Cha supu hupasuliwa katikati kwa panga ili ubongo utoke. Cha shule hakiguswi. Nafundisha bayolojia, na kwa miaka mingi nilifundisha mataya na meno kwa mchoro wa ubaoni. Wanafunzi walikariri fomula za meno, wakafaulu, lakini ukiwauliza kwa nini mbuzi hana meno ya mbele juu, kimya. Siku niliyowawekea kichwa mezani maswali yakaanza kutoka kwao.

Kazi hii inahitaji vichwa vitatu: samaki, kuku na mbuzi. Nia yake ni uone kwa macho yako kwamba taya halikubuniwa upya kwa kila mnyama. Mifupa ni ile ile, inabadilishiwa kazi. Mwishoni utakuwa na vijifupa viwili vya sikio la mbuzi kiganjani, na utaweza kuonyesha kwamba kwa kuku vijifupa hivyo hivyo bado ni bawaba ya mdomo.

Kabla ya kununua chochote

Chukua kichwa cha mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa tu. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa mwenyewe usimkaribie, hata ukipewa bure, maana kimeta kipo Uganda na vijidudu vyake hukaa ardhini miaka mingi. Mzoga wa mbwa nao uache. Kichaa cha mbwa si cha kubahatisha. Fuvu la mnyama wa mbugani, hata uliloliona limelala njiani, usilibebe: Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inataka kibali ili kumiliki sehemu ya mnyama anayelindwa. Hilo linahusu pia pembe za ndovu, ambazo kwa kweli ni meno ya mbele ya juu yaliyorefuka, na meno ya kiboko.

Vifaa ni glavu, kisu kikali kidogo, mswaki mkuukuu, waya mwembamba, ndoo yenye mfuniko, sabuni ya unga, kitambaa cheusi, na kichujio cha chai. Kichujio usikisahau. Nitaeleza baadaye kilichonipata nilipokuwa sina.

Hatua ya kwanza: mbuzi aingie ndooni

Mbuzi tunaanza naye kwa sababu atachukua wiki tatu. Samaki na kuku utawasoma wakati yeye yuko ndani ya maji.

Mwombe muuza nyama asikipasue kichwa na asikibabue nywele kwa moto, kwa kuwa moto hupasua enameli, gamba gumu la nje, ya meno ya mbele. Kabla hujalipa, inua mdomo wa chini uhesabu. Mbele chini kuna meno manane. Mbuzi mchanga ana manane madogo ya utoto. Akipita mwaka mmoja, mawili ya katikati hung'oka na makubwa kuota, na mnadani wanamwita wa meno mawili. Karibu na miaka miwili anakuwa na makubwa manne, mitatu sita, minne yote manane. Malisho na aina ya mbuzi hubadilisha miezi, kwa hiyo usibishane na mwenye mbuzi kwa ajili ya hesabu hii. Kwa somo letu chagua wa meno manne, maana utaona ya utoto na ya ukubwani pamoja.

Nyumbani, chuna ngozi, kisha simama kidogo kabla ya kukata nyama. Kwenye shavu kuna bamba nene la msuli linaloshuka kutoka chini ya jicho hadi pembe ya taya. Kwenye kipaji, upande, kuna msuli mwingine, mwembamba. Sasa weka vidole vyako shavuni na kwenye kipaji, uume meno: unayo yote miwili. Kwa mbuzi wa shavuni ndio mkubwa, kwa kuwa kazi yake ni kusaga kwa kupeleka taya kando. Kwa mbwa na paka ule wa kipaji ndio mkubwa, kwa sababu wao hufunga mdomo kwa nguvu kama mkasi.

Kata misuli, toa ulimi na macho, kisha ingiza waya kwenye tundu la nyuma ya fuvu ukoroge ubongo, uusuuze kwa maji. Weka kichwa ndooni, jaza maji ya kawaida, funika, na juu ya mfuniko weka jiwe zito, la sivyo mbwa wa jirani watamaliza somo. Ndoo ikae mbali na nyumba, kivulini. Harufu itakuwa kali. Bakteria ndio wanaofanya kazi hiyo, na wanaifanya vizuri kuliko kisu chochote.

Baada ya siku nne au tano punguza maji, ukiacha theluthi yake ili bakteria wabaki, na uongeze mapya. Kila unapomwaga, mwaga kupitia kichujio cha chai. Vinavyobaki kwenye kichujio viweke kwenye kikombe: meno, vipande vya mifupa, chochote kigumu.

Wapo wanaochemsha kichwa kwenye sigiri ili wamalize siku moja. Nimefanya hivyo na sikushauri. Maji yakitokota kwa nguvu, meno hupasuka kwa urefu na mafuta huzama kwenye mfupa, fuvu likabaki la njano daima. Ukilazimika, moto uwe mdogo kabisa, maji yatetemeke tu.

Hatua ya pili: samaki, na mataya yake mawili

Nenda mwaloni mapema. Mimi huenda Masese. Tafuta vichwa viwili: sangara mdogo, ambaye Waganda humwita mputa, na ngege mzima. Ukikosa kichwa cha sangara, uliza wauzao mgongo wazi, ile mifupa inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Kichwa huwa bado kipo.

Usimpike. Mshike sangara akiwa mbichi, weka kidole gumba ndani ya taya la chini na ulivute taratibu kwenda chini. Angalia mdomo wa juu: mfupa wa mbele unateleza kutoka nje, na mdomo unageuka kuwa bomba. Rudia mara tano au sita. Sangara hamrukii samaki mdogo kwa meno kama mbwa. Hupanua kinywa ghafla, maji yanaingia kwa kasi, na mlo unakuja nayo. Kwa samaki wengi taya ni pampu kwanza, silaha baadaye.

Pitisha kidole juu ya meno yake kutoka nje kwenda ndani: laini. Kutoka ndani kwenda nje: yanakwaruza. Ni vijimeno vingi sana vilivyoinamia kooni, kwenye mifupa ya mdomo na kwenye kaakaa pia. Havisagi kitu, vinazuia kurudi nyuma tu. Kikianguka kimoja, kingine huota, maisha yote.

Sasa kata kifuniko cha matamvua. Ndani kuna matao ya mfupa yenye nyuzi nyekundu, manne kila upande. Lichunguze tao moja: lina kipande cha juu na kipande cha chini, na katikati limekunjwa kama kiwiko kinachoelekea nyuma. Lilinganishe na mdomo wenyewe ulio mbele yake. Umbo ni lile lile, juu na chini na kiungo katikati. Wanasayansi wa karne ya 19 waliona mfanano huo wakasema taya ni la ukoo mmoja na matao ya matamvua. Hatujapata kisukuku cha samaki mwenye nyuzi za kupumulia juu ya taya lake, lakini kiinitete kinatoa ushahidi mzito: taya na matao hujengwa na seli za aina moja, zinazosafiri kutoka ukingo wa mrija wa neva, ule utakaokuwa ubongo na neva ya mgongo, unapotengenezwa. Mwaka 2002 watafiti walizima jeni mbili za panya, Dlx5 na Dlx6, na vijusi vikaota taya la juu mahali pa taya la chini. Yaani mwili unajenga mataya yote mawili kwa ramani moja, kisha unaliambia la chini liwe la chini.

Wanyama wa kwanza wenye uti wa mgongo hawakuwa na taya kabisa. Lamprei, anayenyonya kwa mdomo wa duara, ni jamaa wao aliyebaki. Meno ya kale zaidi tunayoyajua yalitangazwa mwaka 2022 kutoka kusini mwa China, ya samaki aliyepewa jina Qianodus, umri wake kama miaka milioni 439. Na Entelognathus, samaki mwenye deraya aliyeelezwa mwaka 2013, pia wa China, mwenye miaka milioni 419, tayari alikuwa na mifupa ya midomo inayolingana na ya sangara wako na ya uso wako.

Tukamalize ngege. Fuata matao ya matamvua hadi nyuma kabisa, pale koo linapoanza. Chini, kata mfupa wa pembetatu, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Mwagie maji ya moto dakika chache, usugue kwa mswaki. Juu yake utaona meno mengi sana, laini kama brashi. Hilo ni taya la pili. Ngege ana taya la mdomoni la kukusanyia chakula na taya la kooni la kukichakatia, na la kooni limetokana na tao la mwisho la matamvua.

Ndugu zake nkejje, wale samaki wadogo wanaokaushwa na kuuzwa kwa mafungu, ndio walioitumia nafasi hiyo kwa namna ambayo haina mfano. Koo likishabeba kazi ya kusaga, mdomo unakuwa huru kubadilika. Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na tangu hapo zikatokea aina kama 500: wa kukwangua mwani, wa kuvunja konokono kwa meno ya kooni yaliyo bapa kama kokoto, wa kula watoto wa samaki wengine. Sangara aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kuzaana sana miaka ya 1980, alizimaliza nyingi kabla hata hazijapewa majina. Hili huniumiza kila ninapoliandika ubaoni.

Ukibahatika kupata kichwa cha kamongo, samaki mwenye mapafu, kinunue. Jina linatatanisha hapa kwetu: Waganda humwita mmamba, na Mswahili akisikia mamba anamfikiria yule wa mtoni. Kamongo ana mabamba magumu yenye matuta, yaliyoshikamana na mfupa, hayang'oki wala kubadilishwa. Anavunjia konokono. Na huyu, ingawa anaishi majini, ni jamaa wa karibu zaidi wa mbuzi kuliko wa sangara.

Hatua ya tatu: kuku na bawaba yake

Chemsha kichwa cha kuku dakika 20 hivi, uondoe ngozi na nyama kwa vidole. Usichemshe zaidi, tunataka viungo vishikamane.

Meno hana. Mababu wa ndege walikuwa nayo: Archaeopteryx, wa miaka milioni 150 hivi, alikuwa na meno mdomoni. Kazi ya kusaga sasa imo kwenye firigisi, na ukiipasua utakuta changarawe alizomeza.

Lakini leo tumemfuata kuku kwa sababu ya kiungo. Tafuta mahali taya la chini linaposhika fuvu, chini kidogo ya jicho kwa nyuma. Utaona taya la chini haligusi fuvu moja kwa moja. Kati yao kuna kijifupa chenye pembe kadhaa, kinachocheza. Hicho ni kwadrati. Sehemu ya taya la chini inayokutana nacho ni mfupa wa atikula, ingawa kwa kuku mzima umeungana na wenzake na mpaka wake hauonekani. Sukuma kwadrati mbele taratibu kwa ncha ya kalamu: mdomo wa juu unanyanyuka kidogo. Fanya hivyo mbele ya watoto uone wanavyosogea karibu.

Samaki ana bawaba hiyo hiyo, kwadrati juu na atikula chini. Chura anayo, mjusi, mamba na nyoka pia. Nyoka ameilegeza na kuirefusha, na pande mbili za taya lake la chini hazikuungana mbele, zimeshikwa na ukano tu. Ndiyo maana chatu humeza mnyama mpana kuliko kichwa chake bila taya "kuteguka" kama inavyosemwa mitaani.

Hifadhi fuvu la kuku likiwa na kwadrati zake mahali pake. Chomoa moja tu, uiweke kwenye kitambaa cheusi.

Hatua ya nne: mbuzi atoke ndooni

Wiki tatu zikipita, nyama itakuwa imeisha. Vaa glavu, toa mifupa kwa uangalifu, uiloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga siku mbili tatu ili mafuta yatoke. Dawa ya kung'arisha nguo usitumie, inakula mfupa hadi ukawa chaki. Ukitaka weupe, nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 dukani kwa dawa, loweka siku moja, kausha kivulini.

Taya la chini litakuwa limeachana vipande viwili. Hujalivunja: kwa mbuzi pande hizo mbili haziungani vizuri mbele, ukano ulioozea ndooni ndio uliozishika. Na kila upande ni mfupa mmoja tu, dentari. Kwa sangara ulikuwa na mifupa kadhaa kila upande. Kumbuka swali hilo: mingine imekwenda wapi?

Hesabu meno. Juu, mbele hakuna kitu. Akiwa hai kulikuwa na ufizi mgumu ambao meno ya chini huukandamizia majani. Chini mbele yapo manane, na yale mawili ya pembeni ni chonge zilizojifanya meno ya mbele. Kisha pengo refu, mahali ulimi unapopanga majani. Nyuma magego sita kila upande, juu na chini. Jumla ni 32 kwa mbuzi aliyekamilika, idadi sawa na yako, lakini mpangilio tofauti kabisa. Huyu wako wa meno manne bado ana ya utoto mahali pake.

Kwa asiyezuiwa na dini yake, kichwa cha nguruwe kinafaa kulinganisha. Nguruwe ana meno 44, idadi waliyokuwa nayo mamalia wa kale wa ukoo wetu. Mbuzi amepoteza 12: sita ya mbele juu, chonge mbili za juu, na gego la kwanza katika kila pembe ya mdomo.

Sasa pitisha ukucha juu ya gego la nyuma. Utahisi matuta ya umbo la mwezi mwandamo. Matuta ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, madini asilimia 96 hivi. Mabonde ni dentini, laini kidogo. Kila siku ya kutafuna dentini inalika haraka kuliko enameli, kwa hiyo gego linabaki na makali yake kama jiwe la kusagia ambalo fundi amelichonga upya. Ndezi ametumia hila hiyo hiyo mbele: meno yake ya rangi ya chungwa yana enameli upande wa mbele tu, nyuma yanalika, na ncha inabaki patasi. Hayaachi kuota.

Ugumu huo ndio unaofanya meno yadumu ardhini baada ya mifupa mingine kuoza. Huko Moroto, Karamoja, yalipatikana mataya na meno ya nyani mkubwa wa kale, Morotopithecus, na mwaka 2023 watafiti walichapisha kwamba aliishi miaka milioni 21 iliyopita na kwamba magego yake na kemia ya enameli yake vinaonyesha alikula majani. Kabla ya hapo wengi waliamini nyani wa namna hiyo walikuwa wala matunda wa msitu mnene. Magego machache yalitosha kubadilisha mazungumzo.

Mwisho wa hatua hii, shika taya na fuvu, uyakutanishe. Kiungo cha mbuzi kiko juu sana kuliko mstari wa magego, kwa hiyo magego yote hukutana kwa pamoja. Taya la chini ni jembamba kuliko la juu, na ukijaribu kusaga utagundua unaweza upande mmoja tu kwa wakati. Kamwangalie mbuzi aliye hai akicheua.

Hatua ya tano: vijifupa vya sikio

Fika hapa bila haraka. Mara ya kwanza nilipoandaa fuvu la mbuzi nilimwaga maji yote ya ndoo kwenye shimo. Nilijua vijifupa vya sikio vipo, nikadhani vitabaki ndani ya fuvu. Havikubaki. Nilichimba shimo lile jioni nzima na sikupata hata kimoja.

Shika fuvu juu ya kitambaa cheusi, tundu la sikio likielekea chini, uligonge taratibu kwa kidole. Geuza, rudia upande wa pili. Kisha mwaga kikombe cha mabaki ya kichujio, utenganishe kwa ncha ya sindano. Unatafuta vitu vitatu. Nyundo ni ya kwanza, ina kichwa na mpini mwembamba, karibu urefu wa punje ya mchele au zaidi kidogo. Fuawe ni fupi, ina miguu miwili, kama gego dogo lenye mizizi. Kikuku kina tundu katikati na hakizidi sana mbegu ya simsim. Usipokipata usivunjike moyo.

Weka fuawe karibu na ile kwadrati ya kuku. Ni mfupa mmoja. Nyundo, kwa sehemu kubwa, ni atikula. Ile mifupa ya taya uliyoikosa kwenye dentari ya mbuzi, mingine ilipotea, na hii imo sikioni. Mjerumani Reichert aliliona hilo kwenye viinitete mwaka 1837, kabla ya kisukuku chochote kuthibitisha. Visukuku vilikuja baadaye, na vinaonyesha hatua kwa hatua: katika ukoo uliozaa mamalia, dentari inazidi kuwa kubwa na mifupa ya nyuma inazidi kuwa midogo, hadi kufikia Morganucodon, mnyama mdogo wa miaka milioni 205 hivi, aliyekuwa na bawaba zote mbili kwa pamoja, ya zamani na mpya, ubavu kwa ubavu. Mpya ilipobeba mzigo wote wa kutafuna, ya zamani ikawa huru kupeleka sauti.

Wanafunzi huniuliza inawezekanaje mnyama aishi mifupa ikihama. Huwajibu kwa kangaruu. Mtoto wake huzaliwa mchanga mno, bawaba ya dentari haijakamilika, na ananyonya akitumia bawaba ya zamani, nyundo na fuawe. Akikua, vijifupa hivyo hujitenga na taya na kuingia sikioni.

Kisha waambie waweke ncha ya kidole mbele ya tundu la sikio, wafungue na kufunga mdomo. Kinachocheza chini ya kidole ni bawaba mpya. Ile ya zamani iko ndani zaidi, nyuma ya kiwambo cha sikio, na ndiyo inayowapelekea sauti yako unapowaeleza.

Vijifupa vihifadhi kwenye kisanduku cha kiberiti chenye pamba, kimoja cha kuku na kimoja cha mbuzi, uandike juu kila kimoja ni kipi na tarehe. Usitumie gundi. Mtu anayeviona kwa mara ya kwanza atataka kuvigeuza mkononi.